Ruta Iliyodai Shikamoo kwa Wakwe

Ukipita Gongoni, hapa Tabora, ukamsikia mtu anampigia kelele mwanamume mzima mwenye ndevu na familia, katikati ya barabara, "Masudi, umeoga?", na yule mwanamume akainamisha kichwa na kuongeza mwendo wa baiskeli, ujue huyo ni mimi. Nimeshazoea. Wauza mihogo wananiuliza, vijana wa bodaboda wananiuliza, juzi karani mmoja wa dirishani (ofisi siitaji) aliniuliza huku anagonga muhuri kwenye karatasi zangu, tena kwa sauti ya kazi kabisa. Aibu yenyewe naikiri hapa mwanzoni ili tusipotezeane muda: niliwafanya wakwe zetu, wazee watupu waliotoka pwani, waniamkie mimi, shikamoo kamili, siku ya ndoa ya dada yangu, mbele ya shehe na mbele ya baba yangu mzazi. Na sikuwafanyia kwa mdomo. Niliwafanyia kwa ruta.

Sasa kabla hamjanicheka, mnijue kwanza. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda changu hapa mjini Tabora, na ni fundi mzuri, nasema mwenyewe kwa sababu watu wa hapa hawapendi kusifia. Ufundi nimeurithi. Baba yangu alikuwa mtu wa simu za reli, miaka mingi alikaa stesheni ya Igalula na zile simu za kuzungusha mkono, na mpaka leo akikaa na watu haziishi dakika kumi hajawaambia kwamba katika zamu yake hakuna ujumbe uliowahi kukatika. Siri yake ilikuwa nyuzi. Kila waya pale stesheni aliufunga uzi wa rangi yake, mwekundu wa kwenda Tabora, kijani wa kwenda upande wa pili, hata umwamshe usingizini hakosei. Mimi tangu utoto nilikuwa naziona zile nyuzi ni mambo ya wazee (mtaona zilivyonilipukia).

Chanzo cha yote ni watoto. Nilipovuta faiba nyumbani, wapwa zangu, watoto wa jirani na watoto wa jirani wa jirani wakaifanya baraza yetu kuwa ni kwao. Wanaingia, wanajipanga ukutani, wanainamia simu, na mimi nikirudi kazini wananitazama kidogo kisha macho chini tena, kimya, hakuna shikamoo wala habari za kazi. Jamani! Mtoto wa Tabora anampita mkubwa bila kumwamkia, tena anakunywa mtandao wake! Sisi enzi zetu ukimpita mtu mzima hivyo ulirudishwa mpaka pale ulipompitia, ukaanza safari upya. Nikasema hawa dawa yao ninayo, wataniamkia kwa lazima, asiyesema shikamoo hapati waifai.

Tatizo, ruta waliyoniletea watu wa faiba ilikuwa na mfumo endeshi wa kiwandani, mfumo mpole ambao unakuruhusu kubadilisha jina na neno la siri, basi, ukitaka zaidi ya hapo unakutazama tu. Ikabidi nichague mfumo mwingine. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza kubaki na ule wa kiwandani na kuendelea kudharauliwa na watoto. Ya pili ilikuwa kuweka mfumo huria, mdogo, mwepesi, unaoingia kwenye ruta ileile na unaoandikwa na watu wa dunia nzima kwa kujitolea. Na ya tatu (sikilizeni hii) ilikuwa mfumo mkubwa, ule wa maofisi, ambao hauingii kwenye ruta kabisa, unataka kompyuta nzima iwe ndiyo ruta.

Nilimshirikisha rafiki yangu Petro, mwalimu wa kompyuta sekondari, Mmoraviani mmoja mtulivu asiyependa makuu. Tulikaa kibandani kwangu Jumapili tatu mfululizo baada ya yeye kutoka kanisani, tunabishana.

"Masudi," akaniambia, "nyumba yenu ina vyumba vinne na mbuzi wawili. Chukua ule mdogo."

"Mimi nataka ukurasa wa mapokezi, ule unaomtokea mtu kabla hajaingia mtandaoni."

"Hata ule mdogo unao, unaongeza tu kifurushi cha programu."

"Ule mkubwa unakuja nao tayari."

"Unakuja nao na mambo mengine mia ambayo huyahitaji, na kila moja ni mlango wa kukosea."

Ukweli ambao sikumwambia Petro ni kwamba nilishauona ule mfumo mkubwa ukurasa wake wa ndani, una michoro, mistari inapanda na kushuka, taa za kijani, namba zinakimbia, ukikaa mbele yake unajiona unaendesha ndege. Moyo ulishakwenda. Nikachukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imelala kibandani, nikaipachika kadi za mtandao hadi ikawa na matundu matatu ya waya, nikaiwekea mfumo, na ukakubali mara ya kwanza. (Niliuweka mara tatu, lakini zile mbili nilikuwa najaribu tu.) Ikakaa stoo pembeni ya magunia ya mahindi, inanguruma, na mimi nikawa naingia stoo hata bila shida, naiangalia tu.

Ukurasa wenyewe niliutengeneza kwa mapenzi. Juu niliweka picha yangu nimevaa miwani ya jua, nimekunja mikono. Chini maandishi: HAPA HAINGII MTU ASIYE NA ADABU. Halafu kitufe kikubwa cha kijani: SHIKAMOO FUNDI. Ukikibonyeza, sauti yangu niliyoirekodi mwenyewe inajibu, nzito, ya kizazi kilichopita: "Marahaba, mwanangu! Umeoga? Umesoma? Haya, ingia." Na kwa kuwa shikamoo ya asubuhi si ya jioni, niliweka kwamba kila baada ya saa moja ukurasa unarudi, unaamkia upya. Vifaa visivyoulizwa vilikuwa viwili tu, simu yangu na laptopu yangu, maana fundi hawezi kujiamkia mwenyewe.

Jamani, nilifurahi. Nikirudi kazini nasikia kutoka barazani "Marahaba mwanangu, marahaba mwanangu", sauti yangu mwenyewe inazagaa uani. Mama alikuwa anatikisa kichwa. "Unaamkiwa na vioo vya simu," akaniambia, "hao watoto hata hawakutazami." Ni kweli hawakunitazama. Lakini waliniamkia.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka dada yangu Zaituni akaposwa. Kijana anaitwa Idi, mpole, ana kazi yake, kwao Bagamoyo, Mzaramo. Sasa mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo, utani wetu ni wa tangu misafara, babu zetu walipokuwa wanatoka hapa na mizigo mabegani wiki hadi wiki mpaka pwani kwao, wakilala kwao, wakila kwao, wakizikana. Mpaka leo Mzaramo akinikuta nakula anaweza kuninyang'anya sahani na siruhusiwi kununa. Lakini Mama alituita wote akatuonya mapema: "Wanakuja kama wakwe. Mkwe ana heshima yake. Siku ya ndoa sitaki kusikia utani wa aina yoyote, mmenielewa? Masudi, hasa wewe."

Tarehe ikapangwa, kadi zikaenda, na wiki tatu kabla ya siku, Baba akaanguka na baiskeli akavunjika nyonga. Akapelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, akawekwa kitandani, kukaa ni shida, kusafiri hakuna. Zaituni alilia siku mbili, akasema ndoa isogezwe. Baba akapiga simu akakataa. Akasema tarehe haisogezwi kwa sababu ya mfupa mmoja, na binti yake atamwoza kwa mdomo wake mwenyewe, mambo ya kupeleka salamu kwa watu hataki. Tukamwendea shehe wetu, akasema inawezekana: Baba atampa yeye shehe uwakili wa kufungisha ndoa, mradi yeye na mashahidi wamwone Baba na kumsikia waziwazi wakati anatamka, si kwa kukatikakatika.

Wote wakanigeukia mimi.

Nikachukua simu, nikamwambia Baba, "Picha haitakatika hata mara moja."

Akauliza, "Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Baba."

"Haya. Tutaona zamu yako."

Mnaelewa alichonikabidhi. Sijawahi kubeba kitu kizito kama sentensi ile.

Siku ya ndoa asubuhi, Zaituni, mikono imejaa hina, akanichungulia kutoka chumbani kwake. "Kaka, ule ukurasa wako wa upuuzi umeuondoa?" Nikamwambia umeondoka. Sikusema uongo, nilisema nusu. Nilikuwa nimegawa mtandao mara mbili: mmoja wa nyumbani, wenye ukurasa kwa ajili ya wale watoto, na mwingine mpya unaoitwa Wageni wa Harusi, safi, hauulizi kitu. Kwa nini sikuuzima ukurasa wote kwa siku moja? Kwa sababu ulikuwa unafanya kazi vizuri, na fundi hapendi kuzima kitu chake kinachofanya kazi vizuri. Uamuzi mdogo tu. Ndio huo.

Tukatandaza turubai uani, mikeka chini, runinga kubwa mezani mbele, laptopu yangu pembeni imeunganishwa nayo. Kompyuta ya stoo nyaya zake hazikufika uani, kwa hiyo nikaihamishia dirishani sebuleni. Nikachomoa nyaya zote tatu, nikabeba, nikachomeka tena: mmoja wa faiba inayoingia, mmoja wa kwenda kwenye kisambaza waifai cha nyumbani, ambacho ndicho pia kilichopeleka mtandao kwenye laptopu, na mmoja wa kwenda kwenye kisambaza cha wageni nilichoazima kwa Petro. Petro alikuwepo ananisaidia kubeba meza.

"Hizi mbili nyeusi zinafanana," akasema. "Umezitia alama?"

"Alama za nini, Petro? Nyaya zangu nazijua kwa kuzigusa."

Nikajaribu kwa laptopu, mtandao unaruka. Nikajaribu kwa simu yangu, safi. Nikajipigia makofi kimoyomoyo. Nilisahau kitu kimoja, kwamba vile vifaa viwili ndivyo pekee ambavyo visingeulizwa shikamoo hata vikiwa upande wowote.

Baada ya adhuhuri wakaingia wageni, watu kumi na mmoja waliotoka stesheni kwa bajaji, wamechoka na safari ya treni lakini wamependeza, kanzu nyeupe, kofia zilizodariziwa kwa mkono. Mkubwa wao alikuwa Babu Pazi, babu yake Idi, mzee mdogo wa umbo, hasemi sana. Msemaji wao alikuwa Mzee Shomari, baba mkubwa wa bwana harusi, mrefu, sauti ya kuhutubia, mtu ambaye ukimpa kiti anakitazama kwanza. Tukawapokea, asali ikapita, kahawa ikapita, shikamoo na marahaba kama inavyotakiwa, kila kitu kwenye mstari.

Nikampigia Baba. Binamu yetu Mwajuma ndiye alikuwa naye, amehangaika na nesi mpaka kitanda kimesogezwa dirishani ambako simu inashika vizuri, na nesi amewapa nusu saa tu kabla ya daktari kupita. Ghafla Baba huyo kwenye runinga! Amenyolewa, amevaa kofia yake ya Idi (Idi ile sikukuu, siyo bwana harusi), uso wote unaonekana mpaka kile kikovu cha kidevuni. Uani watu wakanong'ona mashallah. Mama akatoa kichwa mlangoni akamwangalia, akarudi ndani haraka anajifuta macho kwa khanga. Na mimi kifua kikanijaa, nawaambia ukweli, kikanijaa mpaka akili ikakosa pa kukaa.

Maana hapo ndipo niliposimama, bila kuombwa na mtu, nikasema kwa sauti: "Wazee wangu, hapa kwetu hakuna kutumia bando. Mtandao wa Wageni wa Harusi uko wazi kwa ajili yenu, simu zote ziingie, mtumie picha nyumbani Bagamoyo bila wasiwasi."

Wakafurahi, mifuko ya kanzu ikafunguliwa, simu zikatoka. Mzee Shomari hakuwa na miwani, akamuuliza aliye pembeni yake, "Hapa nabonyeza wapi?" Jamaa naye hakuyasoma maandishi, akamwonyesha, "Hapo kwenye kijani, mzee, bonyeza tu." Akabonyeza.

"Marahaba, mwanangu! Umeoga? Umesoma? Haya, ingia."

Nikajua ile sauti. Ilikuwa yangu mwenyewe, inatoka kwenye mkono wa mkwe. Nikawa bado najipa moyo kwamba labda wamesikia watu wawili watatu tu, mara kutoka kona ya kulia: "Marahaba, mwanangu! Umeoga?" Kona ya kushoto: "Marahaba, mwanangu!" Watu walikuwa wameshabonyeza, sauti zikawa zinapandana, huku anaulizwa kama ameoga, kule anaulizwa kama amesoma, na katikati yake, taratibu, kutoka mkononi mwa shehe wetu mwenyewe aliyenifundisha juzuu ya kwanza nikiwa na meno ya utoto: "Marahaba, mwanangu! Umeoga?"

Shehe akaiangalia simu. Halafu akaniangalia mimi.

Hapo ndipo nikaziona zile nyaya mbili nyeusi kichwani mwangu. Nilizichomeka kinyume. Watoto barazani walikuwa wanakula mtandao bure bila kuulizwa kitu, na ukurasa wote na kiburi chake uko kwa wageni.

Miguu ikanipeleka dirishani yenyewe. Mkono ukafika kwenye waya. Kuchomoa mbili na kuzibadilisha ni kazi ya sekunde tano, naijua, lakini kisambaza cha nyumbani kingepotea, na laptopu ingepotea nacho, na Baba angekatika, na kumpata tena na nesi yule na dirisha lile nani anajua. Njia nyingine ilikuwa kuuzima ukurasa kutoka ndani ya mfumo. Lakini mfumo nilikuwa nimeufunga usifunguliwe na kifaa chochote isipokuwa laptopu ileile (nilijisifu wiki nzima kwa usalama ule), na laptopu ndiyo iliyokuwa imebeba uso wa Baba mbele ya watu wote. Nikasimama pale nimeushika waya. Naweza kuokoa sura yangu au picha ya Baba, siwezi vyote. Nikauachia waya.

Mzee Shomari alikuwa ameshasimama. "Ndugu zangu," akasema, na sauti ile ya hotuba ilifika mpaka barabarani, "sisi tumetoka pwani siku mbili kwenye treni. Tumekuja kuoa. Hatukuja kumwamkia mtoto, wala hatukuja kuulizwa kama tumeoga. Kama ndivyo mnavyotuona, tuambieni, njia ya stesheni tunaijua." Wawili nyuma yake nao wakasimama. Idi alikuwa amekaa mbele ya shehe, jasho linamtoka, hajui asimame au akae. Kutoka ndani nikasikia Mama: "Mwanawane!", neno moja tu, na ukimsikia Mama anaacha Kiswahili na kushika Kinyamwezi ujue mambo yameharibika. Simu yangu ikatetemeka, ujumbe wa Zaituni: "Uliniambia umeuondoa."

Na juu ya yote hayo, kwenye runinga, sauti safi kabisa, haikwami hata kidogo: "Kuna nini huko? Masudi! Mbona watu wamesimama?"

Ningetamani ikatike hapo. Dakika moja tu. Haikukatika.

Ikabidi nimweleze Baba mbele ya watu wote. Nikapiga magoti mkekani nikasema yote, watoto wa barazani, ukurasa, kitufe, sauti, nyaya mbili zilizofanana ambazo sikuzifunga alama. Nikawaomba radhi wazee, nikasema kosa ni langu peke yangu, dada yangu hana hatia, baba yangu hana hatia, kama kuna wa kuondoka niondoke mimi. Baba alifumba macho. Aliposikia la nyaya akasema polepole, "Hukufunga nyuzi." Nikasema sikufunga.

Babu Pazi, ambaye hakuwa amesema neno tangu kahawa, akanyoosha mkono. "Hebu nipeni hiyo simu." Akapewa. Akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa kanzu bila haraka, akaivaa, akasoma kwa sauti maandishi yangu yote, neno kwa neno, hapa haingii mtu asiye na adabu, akaitazama picha yangu na ile miwani ya jua, akanitazama mimi pale chini. Halafu akabonyeza mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu! Umeoga? Umesoma? Haya, ingia."

"Sijaoga," akaijibu ile simu. "Tangu Bagamoyo. Na kusoma niliacha darasa la nne."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Babu Pazi akamgeukia Mzee Shomari. "Wewe keti. Hawa ni nani kwetu?"

"Ni wakwe, Baba."

"Wakwe watakuwa baadaye, ndoa haijafungwa. Sasa hivi ni nani?"

Mzee Shomari akatazama juu kwenye turubai. "Ni watani," akasema, kwa taabu.

"Babu zao walifika kwetu na pembe za ndovu mabegani, vumbi mpaka kwenye kope, na bibi zetu wakawauliza hilohilo, mmeoga? Hawakununa. Leo wametuuliza wao, wewe unanuna. Utatuaibisha, Shomari, keti." Akaketi. Kicheko kilichopasuka pale uani nakisikia mpaka leo, shehe anajifuta machozi kwa kilemba, wanawake ndani wanapiga vigelegele, Mama hajui acheke au alie. "Lakini mtani akikosa ana faini," Babu Pazi akainua kidole, "na faini zako, fundi, ni mbili. Ya kwanza utailipa sasa hivi. Zunguka hapa umwamkie mtu mmoja mmoja, kwa mkono."

Nikazunguka. Nikamshika Babu Pazi mkono, "Shikamoo, Babu." Akanijibu kwa sauti nzito, ileile yangu: "Marahaba, mwanangu. Umeoga?" Ikawa ndiyo desturi. Watu kumi na mmoja, kila ninayemshika mkono, "Marahaba, mwanangu, umeoga?", Idi bwana harusi naye, mdogo kwangu kwa miaka sita, alipokea shikamoo yangu akaniuliza kama nimesoma. Mzee Shomari nilimfikia naogopa. Akanishika mkono akaukaza, akanikazia macho, halafu mdomo ukamcheza: "Umeoga wewe?" Shehe akauliza. Petro wa watu, Mmoraviani, mtulivu, akauliza. Wa mwisho akabaki Baba. Nikasimama mbele ya runinga, nikasema, "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu," akasema. "Umeoga?" Mtandao ulikuwa safi kiasi kwamba niliyaona mabega yake yakitikisika kwa kicheko na Mwajuma akimwambia asicheke, nyonga itauma.

Ndoa ikafungwa. Baba alitamka kwa mdomo wake: "Shehe, nimekupa uwakili umwozeshe binti yangu Zaituni." Kila neno lilisikika, kila mtu alimwona midomo, mashahidi wakatikisa vichwa. Idi akakubali. Zaituni alitolewa akasimama mbele ya runinga na hina yake na nguo yake, na Baba akamtazama muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Nesi alipokuja kusema muda umeisha, nusu saa ilikuwa imetimia na picha haikuwa imekatika hata mara moja. Hata mara moja. Ningependa na hilo mlikumbuke mnaponiuliza mambo ya kuoga.

(Wakati wa pilau ile saa yangu moja ikaisha, ukurasa ukarudi kwenye simu zote. Wakabonyeza kwa zamu, kwa furaha, mpaka mchele ukawapalia.)

Faini ya pili Babu Pazi aliitaja wakati wanaondoka, mguu mmoja ukiwa kwenye bajaji. "Ule ukurasa usiufute," akaniambia. "Ugeuze. Mashine yako itatuamkia sisi. Sote. Mpaka tutakaporudi kumwona mjukuu."

Na fundi wa Tabora halali na deni la utani. Nilimwita Petro, safari hii nikamsikiliza, kompyuta kubwa ikarudi kibandani na nikaweka ule mfumo mdogo, mwepesi, kwenye ruta ndogo ya kawaida, na unatosha sana, michoro haina lakini nyumba ina vyumba vinne na mbuzi wawili. Kila waya una uzi, mwekundu wa nyumbani, kijani wa wageni. Miwani ya jua nimeivua kwenye ile picha. Kitufe sasa kimeandikwa MARAHABA, na ukurasa ukifunguka unasikia sauti yangu, nyembamba, ya adabu: "Shikamoo." Kila saa. Kwa kila mtu. Wale watoto wa barazani wanaamkiwa na mimi siku nzima na wanabonyeza marahaba wamekunja nne. Nimeapa sitamlazimisha tena binadamu kunisalimia maisha yangu yote, na ajabu ni kwamba siku hizi nikirudi kazini wananiamkia kwa midomo yao. Petro anasema ni huruma. Iwe huruma, nimeipokea.

Baba alirudi mwezi uliofuata, na fimbo mbili, taratibu. Tulimkalisha barazani. Kabla ya chai akauliza ruta iko wapi, nikamwonyesha, akainama kwa shida akazishika zile nyuzi moja moja, nyekundu, kijani, akavuta kidogo kuona kama fundo limekaza. Akatoa simu yake, akaiingiza kwenye mtandao wa nyumbani.

"Shikamoo," nikajisikia kutoka kiganjani mwake.

Nikamwambia, "Baba, bonyeza hapo kwenye kijani."

Hakubonyeza. Aliisogeza simu mdomoni kama alivyokuwa akiishika ile ya Igalula, akaniangalia mimi, akaijibu yeye mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Zamu yako nimeiona."